Nesi Aliyekataa Kutaja Mti

Nilimchukia nesi wetu kwa miaka minne, na ni heri niseme hivyo mwanzoni ili msomaji asinidhanie mwema. Kabla ya hapo nilimpenda, kama alivyopendwa na karibu kila mtu kijijini kwetu kule Gitting, mteremkoni mwa mlima, kwa mapenzi yale yaliyochanganyika na woga.

Zahanati yetu ilikuwa na vyumba vitatu, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu vyote vilikuwa vyake. Waganga wafawidhi walikuja, wakalalamikia baridi, wakahamishwa. Yeye alibaki. Watu walimwita daktari, kama anavyoitwa yeyote mwenye koti jeupe, naye aliwakatiza papo hapo: yeye ni nesi, wakimtaka daktari wapande gari waende mjini. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa raba za kiume kwa sababu miguu yake haikupata viatu vya kike sokoni. Asubuhi za ukungu, mlima ukiwa bado haujaonekana, tulisikia kikohozi chake barabarani kabla ya kumwona mwenyewe.

Kila mgonjwa aliulizwa swali moja kabla hajagusa kiti: amekunywa nini nyumbani? Na kila mgonjwa alijibu kwamba hajanywa kitu. Kijiji kizima kilidanganya, wakulima wa juu na wafugaji wa tambarare, Wakristo na wasio Wakristo. Mama yangu alidanganya huku bado akinuka magome yaliyochemshwa kwenye supu ya mbuzi. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Nesi alimsogelea, akavuta pumzi, akaandika kitu kwenye daftari lake.

"Sikuulizi ili nikugombeze," alimwambia. "Nakuuliza ili nisikuue."

Kisha akamgombeza mpaka nikamwonea mama huruma.

Kidonge cha kwanza ulikimeza mbele yake, naye akikuangalia koo. Mzee mmoja mfugaji alizoea kukificha chini ya ulimi ili akakiteme kichakani. Nesi alijua. Alimkaribisha akae, akaanza kumuuliza habari za mnada, ng'ombe wamepanda bei au wameshuka, fahali wake yule mweusi yuko wapi, na mzee kwa heshima akajikuta analazimika kujibu, huku kidonge kikiyeyuka na uso wake ukijikunja kidogo kidogo. Tuliokuwa kwenye foleni tulicheka hadi machozi. Tangu siku hiyo mzee alimeza vidonge vyake bila hila, na kila alipopita zahanati alimletea nesi salamu za yule fahali.

Lakini yeye mwenyewe aliogopa sindano. Mwanamke aliyeuchoma mkono wa kila mtoto wa kata ile, alipotakiwa kuchanjwa pamoja na watumishi wenzake, alifunga macho, akanyoosha mkono, akaurudisha, akaomba maji ya kunywa, akasema ana kazi nyingi, hadi wenzake wawili wakamshika. Habari zilifika kanisani kabla yake. Jumapili hiyo aliingia, akakaa mbele kama kawaida, na kama kawaida akasinzia mahubiri yalipoanza. Alikuwa Mkristo wa kweli aliyelala kila Jumapili. Alisema Mungu anajua ratiba yake ya kazi.

Alikuwa pia mtu wa maneno makali na mikono laini, na sikuwahi kuelewa jinsi vyote viwili vilivyokaa katika mtu mmoja. Mwanamke aliyechelewa kuja kujifungua angeambiwa maneno ya kumtoa machozi, na maneno hayo yangeambatana na mikono inayompangusa jasho na kumfunika shuka. Zawadi hakupokea mlangoni, kwa kuwa sheria ni sheria. Viazi vilivyoachwa nyuma ya zahanati hakuviona vikiletwa, ila jioni vilikuwa kwenye sufuria ya mama yeyote aliyezaa siku hiyo.

Sasa nifike kwa bibi wa Kibarbaig, kwa sababu bila yeye habari hii haipo. Aliishi kule chini tambarare, alivaa sketi yake ya ngozi na bangili za shaba, na alijua miti. Watu wetu wa juu walimcheka mchana na kumfuata kwa njia ya nyuma walipougua. Siku moja mama mmoja alileta mtoto mwenye homa kali, na kwenye kanga yake mlikuwa na chupa ya soda iliyojaa maji ya rangi ya kutu, dawa ya yule bibi. Nesi aliichukua, akatoka nje, akaimwaga yote kwenye nyasi mbele ya foleni, akasema kwa sauti kwamba anayetaka kunywa matope akanywe kwao.

Bibi mwenyewe alikuwa kwenye foleni ile ile, amembeba mjukuu aliyekuja kuchanjwa. Zamu yake ilipofika alimtoa mtoto, akashukuru, akaondoka, na mwezi uliofuata alirudi tena kwa wakati. Baadaye nesi alimwambia mama yangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa rafiki yake wa karibu, kwamba yule bibi amemzidi adabu, na kwamba hajui amwombeje radhi. Hakumwomba. Siku zikapita.

Alipostaafu alijenga nyumba ndogo karibu na kwetu, akalima maharage, na hakuacha kutuuliza tumekunywa nini. Mwaka wa pili akaanza kukonda. Tumbo lilivimba upande wa kulia, macho yakawa ya njano. Hospitali ya rufaa walimpiga picha, wakakuta uvimbe kwenye ini, wakamweleza kwa upole wa mtu mwenye habari mbaya. Walimpa vidonge vya kutuliza na vingine ambavyo daktari alisema tujaribu tu, kisha wakamrudisha nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa amewarudisha wengi nyumbani kwa upole huo huo, kwa hiyo hakuhitaji kufafanuliwa. Aligawa kuku wake. Akina mama wa jumuiya walikwenda kusali kwake kila alasiri, mama yangu akiwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Ndipo bibi wa Kibarbaig akapanda kutoka tambarare. Mama alikuwepo, na alinisimulia. Bibi aliingia na kibuyu kidogo, akasalimia, akakaa chini sakafuni bila kungoja kiti. Hakutaja chupa iliyomwagwa. Alimimina kinywaji kwenye kikombe, akachanganya na maziwa, akakishika mkononi akingoja. Nesi alikiangalia kile kikombe kwa muda mrefu, kisha akanywa. Bibi alirudi siku ya pili na ya tatu, na akaendelea hivyo kwa majuma mengi, akipanda mlima kwa miguu yake ya uzee. Nesi alipopata nguvu ya kutembea, bibi alimshika mkono, akampeleka hadi kwenye mti na kumwonyesha jinsi ya kuchuna gome bila kuuua.

Akapona. Sijui niandike vipi neno hilo bila kuonekana natia chumvi. Macho yalirudi meupe, tumbo likashuka, na kabla ya mavuno tulimwona shambani akipalilia na kumgombeza jirani aliyeacha ng'ombe wapite. Alikwenda hospitali ya rufaa wakampiga picha tena, na uvimbe haukuonekana. Daktari aliita wenzake wawili waje kuangalia, wakazishika picha zote mbili kwenye mwanga, wakamtazama yeye, wakazitazama tena.

Bibi alifariki mwaka huo huo, kwa uzee tu. Hivyo siri ya mti ikabaki kwa mtu mmoja.

Hapo ndipo amani ya nesi ilipoisha. Watu walianza kuja, kwanza wa kijijini, kisha wa Tumati, wa Katesh, hata wa Singida, na simu zikaingia kutoka kwa watu asiowajua wenye wagonjwa Arusha na Dodoma. Kuna waliotuma sauti za watoto wao wakimwita nesi bibi na kumwomba. Aliwakaribisha wote, akawachemshia chai, akawasikiliza hadi mwisho, akawauliza wametibiwa wapi na kuwaandikia kwenye karatasi maswali ya kumuuliza daktari. Walipomuulizia mti, alisema hajui kilichomponya. Wengi waliondoka wakisonya. Wengine walisema ameapishwa, wengine kwamba anangoja dau lipande. Yeye aliyefoka maisha yake yote hakumfokea hata mmoja wao.

Nami nikaja kuwa mmoja wao, kwa sababu mdogo wangu Paskalina aliugua.

Alikuwa na miaka thelathini na mbili na watoto wawili wadogo, na tumbo lake lilivimba upande ule ule wa kulia. Mimi nafundisha sekondari, na ndani ya familia mwalimu ndiye anayesukumwa mbele kuongea na madaktari, kwa hiyo maelezo yote niliyapokea mimi. Niliposikia neno ini, yaliyofuata niliyasikia bila kuyatilia maanani. Niliwaza kitu kimoja tu, kwamba dawa ipo, na iko hatua mia mbili kutoka nyumbani kwetu.

Nilimkuta anachambua maharage. Nilipiga magoti, kitu ambacho sikuwahi kumfanyia mtu, nikamwambia kila kitu kwa pumzi moja. Nilimwambia kwamba akinipa ule mti tutaachana na hospitali kabisa, kwa maana hospitali haijatusaidia kitu. Nilidhani nimesema jambo la kumfurahisha. Aliacha maharage, akaniinua, akanikalisha.

Alinieleza mambo ambayo hakuwahi kuwaeleza wale aliowachemshia chai. Katika majuma yale, alisema, alimeza vidonge vya hospitali bila kuruka hata kimoja, akanywa gome la bibi kila siku, na akasaliwa kila alasiri. Alifanya vyote vitatu kwa pamoja. Na siku ile ya picha ya pili daktari kijana alimuuliza, kwa unyenyekevu wa mtu anayetaka kujifunza, kama kuna kitu chochote alichokunywa nyumbani.

"Nikasema sijanywa kitu," aliniambia. "Mimi. Niliona aibu, mwanangu. Sasa imeandikwa kwenye faili kwamba nilipona bila sababu, na daktari akawaambia wenzake. Ule uongo ulikuwa wangu."

Nilimwambia hayo ya faili hayanihusu, nataka mti. Akasema akinipa mimi, kesho Paskalina ataacha vidonge, na keshokutwa kijiji kizima kitaacha vidonge, na yeye amezika watu wengi mno walioacha vidonge. Niliapa kwamba hataacha. Akanikumbusha nilichokisema dakika tano zilizopita nikiwa nimepiga magoti. Nikakasirika. Nilimwita mchoyo. Nilimwambia bibi wa Kibarbaig, aliyetukanwa mbele ya watu, alipanda mlima kumletea dawa, na yeye anashindwa kunyoosha mkono. Niliona neno lile limempata, na nikafurahi kwamba limempata.

Paskalina alifariki baada ya miezi mitatu, alfajiri, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama. Mwishoni alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilimbeba peke yangu.

Kwetu mtoto akipishana na mtu mzima bila kumwamkia, watu huuliza kama ana akili timamu. Mimi, mtu mzima, mwalimu, nilimnyima nesi shikamoo kwa miaka minne. Nilipishana naye kisimani, sokoni, mlangoni pa kanisa, nikatazama mbele. Hakulalamika kwa mtu. Wakati mwingine aliitikia marahaba ambayo sikuiomba, kwa sauti ya chini, na mimi niliongeza hatua.

Jambo lililoniuma kuliko yote ni mama. Aliendelea kwenda kwake kila Jumapili baada ya ibada, wakakaa ndani wawili, mlango umerudishiwa. Nilimuuliza mama anawezaje kunywa chai ya mtu aliyemwacha mwanawe afe. Alifunga kanga yake vizuri, akaniambia nikaangalie ng'ombe. Tuligombana kwa hilo zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho nilimwambia kwamba anampenda rafiki yake kuliko alivyompenda Paskalina. Leo ningetoa chochote nisiwe nimesema maneno hayo.

Nesi alipodhoofika, mtoto wa kaka yake alikuja akamchukua wakaishi kule Bashay. Mama alifariki mwaka jana, usingizini, na nesi hakuweza kusafiri kuja kuzika. Wiki mbili baada ya matanga nilipigiwa simu na yule kijana. Alisema shangazi yake anaomba niende, na kwamba ikiwezekana nisichelewe.

Nilikwenda. Sikuwa nimemsamehe, nilikwenda kwa sababu mama angetaka niende. Walikuwa wamevuna vitunguu saumu, vimefungwa mafungu na kutundikwa chini ya paa lote, harufu yake unaikuta kabla hujafika uani. Alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha. Macho yake yalikuwa ya njano. Nilimwamkia, akaitikia, akaniomba nimnyanyue mto.

Uvimbe ulikuwa umerudi. Alinieleza kama anayesoma faili la mtu mwingine: alikuwa akinywa lile gome tangu Pasaka, alilichuna kabla ya kuhama, na halikufanya kitu. Safari hii alikuwa amemwambia daktari kila alichokunywa na kumpelekea tawi lenye majani. Daktari alilipiga picha kwa simu na kumshukuru. Nilimwambia pole. Nilisikia mwenyewe kwamba nimeisema kwa moyo, na nikashangaa.

Kisha akasema kwamba mama yangu alimfunga mdomo, na sasa mama hayupo, na yeye hataki kuondoka na siri hiyo.

"Uliponitukana ukaondoka, siku ya tatu mama yako alikuja," alisema. "Hakuomba mti. Alikaa tu, akalia. Nikashindwa. Nilikwenda kuchuna mwenyewe, nikachemsha mwenyewe, mama yako akampelekea Paskalina kwenye kibuyu cha maziwa. Tulikubaliana vidonge asiache, na hakuacha. Wewe usijue, maana ungemwachisha vidonge. Alikunywa majuma manane."

Nilimsikia, na maneno yakachelewa kunifikia. Majuma manane nilikuwa nikimtazama mdogo wangu akinywa maziwa, nikifurahi kwamba walau maziwa yanashuka.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia baada ya mazishi, kwa nini aliniacha nimtendee vile miaka yote. Akasema mama alimwomba. Mama alikuwa na hofu moja, na hofu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpeleka pale kila Jumapili. Hakuwa anafuata chai.

"Alikuwa ananiuliza kama ni sisi tuliomuua," alisema nesi. "Kwamba labda gome na vidonge viligombana mwilini, na bila gome angeishi. Kila Jumapili, miaka minne. Na mimi sikuwahi kumwambia hapana, kwa sababu sijui. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijui. Amekufa bila mtu kumjibu."

Alinigeuzia uso. Nilimjua mwanamke huyu tangu utoto wangu na sikuwahi kumwona akiomba kitu.

"Wewe umesoma," alisema. "Uliongea na madaktari. Ulisikia yote. Ni sisi?"

Nilikuwa nimesikia yote, ndiyo. Nilisikia kwamba ini la Paskalina lilikuwa limechoka na lilihitaji kuhurumiwa, lisiongezewe mzigo wowote. Nilisikia pia kwamba ugonjwa ulishasambaa kabla hatujafika. Daktari aliyasema yote mawili siku moja, na baadaye hakuna aliyerudi kumuuliza lipi lilimmaliza, na sasa hakuna wa kumuuliza. Mimi pia sijui. Akilini nilimwona mama akirudisha ule mlango kila Jumapili, akiingia kuuliza na kutoka bila kujibiwa, na akirudi nyumbani kwa binti anayemwambia hakumpenda mwanawe.

"Si nyinyi, mama," nilimwambia. "Madaktari walinihakikishia."

"Walikwambia?"

"Waliniambia."

Sijui kama aliniamini. Kisha akaniomba nimshushe mto, akashika kidole changu kama wanavyoshika watoto wachanga, akafumba macho. Nilibaki nimekaa vile, nisiutoe mkono, nikilia kwa ajili ya mama, ambaye angeweza kujibiwa na mimi miaka yote ile kama tu angethubutu kuniuliza.